Futa mpango wa kuwafokea mafundi kesho (mimi ulinigharimu pikipiki)

Kijana, acha. Nimesoma hadi pale unaposema kesho, kabla ya kumwaga zege, utawapanga mstari mafundi wote 14 "uwachane mapema wajue nani bosi", nikaacha chai yangu ikapoa. Njia hiyo nimeipita mimi na bado nachechemea.

Aprili 2019, Dar, masika imekolea. Nasimamia slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya kwanza: mifuko 110 ya saruji, watu 22, mashine moja ya kukodi. Saa nane mchana mkanda wa mashine ukakatika. Wingu limetanda upande wa baharini, mwenye nyumba anapiga simu kila baada ya dakika kumi, "mmefikia wapi?" Na zege halina huruma: saruji ikishagusana na maji inaanza safari yake, ukizubaa saa moja na nusu unachokoroga ni ugali wa jana.

Hapo akaja seremala mmoja, mzee wa watu, kanizidi kama miaka ishirini. "Bosi, kuna kitu nimeona huku chini." Nikamkata mbele ya watu wote: "Mzee, kazi yako mbao, siyo mdomo!" Vibarua wakacheka. Nikajiona jenerali. Mzee akavuta kofia yake, akaenda kukaa kwenye tofali.

Alichokuwa amekiona ni mirunda mitatu, miti ya kuegemeza zege mpaka likauke, chini ya bimu kubwa, ile boriti ya zege inayobeba slabu. Ilisimamishwa juu ya udongo mtupu, bila vipande vya mbao chini yake, na mvua ya usiku ilikuwa imelainisha ardhi. Ilikuwa inazama taratibu. Wengine wawili nao waliona, nilikuja kuambiwa baadaye. Nani angethubutu kusema baada ya mzee kuaibishwa vile?

Saa kumi na moja bimu ilikuwa imebonyea sentimita saba na zege limeshashika. Kuvunja, kuondoa kifusi, kununua nondo upya, kumwaga tena: milioni nne na laki tatu. Mwenye nyumba alinikata posho miezi tisa, na pikipiki nikaiuza kwa bei ya kutupa. Shemeji yako mpaka leo nikipaza sauti nyumbani ananiuliza, "safari hii tunauza nini?"

Nilipomfuata mzee, "kwa nini hukuniambia?", akanitazama tu. "Si ulisema kazi yangu mbao?"

Ninayemlaani mpaka kesho ni yule bwana wa semina ya uongozi. Elfu themanini, na wali kuku juu. Suti imemkaa, akatuambia kiongozi asiyeogopwa hana timu, ukipewa taarifa mbaya mbele ya watu mzime mtu hapo hapo. Huyo hajawahi kushika hata karai. Ningemkuta siku ile ningemweka yeye chini ya bimu badala ya mrunda.

Halafu usidhani ni mambo ya saiti tu. Mwaka 1977 kule Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili kubwa za abiria, moja ya shirika la KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana uwanjani kwenye ukungu, wakafa watu 583. Rubani wa KLM alikuwa mzoefu hasa, ila ana haraka ya kuruka. Injinia wake akauliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Rubani akamjibu kwa mkato kwamba imetoka, injinia akanyamaza. Haikuwa imetoka. Nikikumbuka hiyo namwona mzee wangu juu ya tofali.

Sasa shika hili moja: ukiwa umewaka, usitoe amri. Uliza "umeona nini?", kisha ufunge mdomo mpaka mtu amalize. Na jijue unavyowaka. Mimi masikio yanapata moto na naanza kusema "sikiliza, sikiliza" kama muuza dawa wa mnadani. Nikijisikia hivyo nakwenda kwenye pipa la maji, nanawa uso, narudi. Dakika mbili. Zege linazisubiri dakika mbili, simu ya mwenye nyumba nayo itasubiri.

Kesho kabla mashine haijawashwa, ingia chini ya slabu na huyo fundi mzee unayesema ni mbishi. Mwache atangulie yeye, akuoneshe mirunda.

Uliuliza pia habari ya mkataba na kitu gani sijui cha mshahara. Nitarudi jioni, sasa hivi naitwa, mchanga umefika.