Mkuu, usigundishe sitaha kabla hujaipa hewa njia

Mkuu, hiyo kazi ya Jumamosi isimamishe. Umeuliza mengi kuhusu ubao wako wa kusimama na kupiga kasia, ule wa mbao wenye uwazi ndani: mbao ya kingo, mapezi mangapi, vanishi, urefu wa kasia. Lakini kilichonishtua ni kile kisentensi ulichokipachika katikati, kwamba mataruma yote (mbavu za ndani) yamekamilika, unafunga sitaha (uso wa juu) wikiendi hii, na "tundu la hewa sitaliweka, fundi kasema ubao usiotobolewa ndio usioingia maji". Hapo ndipo ubao wako utakapofia.

Maneno hayo hayo niliambiwa na mtu aliyeniuzia michoro. Nilimuuliza waziwazi: hewa ya ndani itakwenda wapi jua likiwaka? Akanijibu kwa kujiamini kabisa kwamba hewa ndiyo inayouelesha ubao, ukitoboa unajizamisha mwenyewe. Mtu anapokea pesa za watu kwa michoro ya ubao wenye uwazi ndani, na hajui hewa ikipata joto inafanya nini! Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka, maana nilimwamini, nikafunga kila upenyo.

Piga hesabu mwenyewe. Umeufunga ubao hewa ya ndani ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Uweke juani, hasa kama mbao yake ni ya rangi ya giza, ndani panaweza kufika nyuzi 60. Hewa iliyofungiwa mahali pasipotanuka itaongeza mgandamizo kwa karibu asilimia 12, yaani kilopaskali 12 hivi. Unaona ni kidogo? Ni zaidi ya tani moja kwa kila mita ya mraba, na sitaha ya ubao wa mita 3.2 kwa sentimita 80 inakaribia mita za mraba mbili. Ni kweli plaiwudi itavimba kidogo na kuipunguza nguvu hiyo, lakini huko kuvimba ndiko kunakoibandua gundi juu ya mataruma.

Wangu ulilia mara moja tu, kak, mlio mkavu kama kijiti kinavunjwa. Niliukagua wote nisione kitu. Ufa ulikuwa pale sitaha inapokutana na ukingo wa kushoto, urefu wa kiganja, mwembamba kiasi kwamba macho hayauoni. Mpaka upitishe ukucha ndipo unausikia ukikwaruza.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hakuna anayekwambia. Ubao uliopata moto ukiutia majini, hewa ya ndani inapoa ghafla na kunywea. Inaponywea inavuta, na kinachovutwa ni maji, kupitia ufa ule ule. Kila safari ubao unakunywa kidogo. Nilianza kuhisi omo (ncha ya mbele) inazama nikisogea mbele, na nikiuinamisha nasikia maji yakikimbia ndani. Hakuna pa kuyatolea. Kupasua sitaha nikakuta mataruma yameota ukungu mweusi kuanzia chini, na tabaka za plaiwudi zimeachana. Sitaha nzima, kitambaa cha faibaglasi, epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu), vyote vikaenda. Mbao nzuri nilizozichagua moja moja!

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kabla hujagusa gundi. Kila taruma litoboe, siyo lile la katikati peke yake. Matundu makubwa ya kupunguza uzito hayatoshi. Kata pia vijipengo kwenye pembe za juu na za chini, pale linapogusa sitaha na sakafu, ili hewa ipite na maji yakiingia yatiririke hadi kwenye tundu. Chumba kimoja kati ya mataruma kikibaki kimefungwa, hicho ndicho kitakachopasuka. Halafu paka epoksi ndani kote, hasa kwenye ncha za mbao zilizokatwa, kwa sababu ukishafunga mkono wako hautafika tena.

Tundu lenyewe liweke kwenye sitaha karibu na omo au tezi (ncha ya nyuma), ili ukiusimamisha ubao maji yatoke yote. Chini yake gundisha kipande kinene cha mbao ngumu. Toboa kwa keekee kubwa kuliko kizibo, jaza epoksi, iache ikauke, kisha toboa tena katikati ya ile epoksi. Hivyo maji hayagusi mbao hata kidogo. Kizibo kiwe cha kukaza kwa skrubu, chenye ringi ya mpira, na kifungwe kwa kamba kisipotee. Nchi kavu kiko wazi, majini kimefungwa. Ukiupakia garini kupanda milimani kifungue pia, maana kila mita 1,000 unazopanda hewa ya nje inapungua mgandamizo kwa kilopaskali 11 hivi, na ubao unavimba hata bila jua. Kuna vizibo vyenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji. Kama ni msahaulifu, nunua hicho.

Na huyo fundi wako mwambie hili si jambo la jana. Tom Blake, mtelezaji wa mawimbi na mjenzi wa mbao hizi, alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya ubao wake wenye uwazi ndani huko Marekani mwaka 1932, na mbao za aina hiyo za miaka ile zilikuwa na kizibo cha shaba juu ya sitaha. Waliojenga kwa mbao na misumari walilijua, sisi wenye epoksi tunaambiwa tuzibe!

Kama mataruma umeshayagundisha sakafuni bila vipengo, bado hujachelewa, patasi nyembamba itaingia. Piga picha kila chumba, sitaha ikiwa haijawekwa, uziweke hapa tuzione.