Usijiandikishe kura kwenye wadi ya chuo kwa sababu umeahidiwa basi

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Umeuliza timu gani ya kampeni ujiunge nayo kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, posho ni kiasi gani, na ahadi zipi kwa vijana ni za kuaminika. Hayo yatangoja. Kilichonishtua ni ile sentensi uliyoipitisha katikati, kwamba kiongozi wenu wa vijana anawapeleka kikundi kizima kujiandikisha kwenye wadi ya chuo, na kwamba "tutahamisha baadaye".

Maneno hayo niliambiwa mimi kabla ya uchaguzi wa 2022, karibu neno kwa neno. Mwanafunzi mwenzetu, mwenye ulimi wa asali, alikuwa akimkusanyia vichwa mwaniaji mmoja wa udiwani. Tuliojaa kwenye ile matatu wengi tulikuwa tunajiandikisha kwa mara ya kwanza. Akatuapia kuwa mtambo unatambua kidole chako popote Kenya, kwa hiyo tusihangaike na kituo. Na kama tungekuwa likizo, basi lingekuja kutuchukua. Nasema waziwazi: alitudanganya, na alijua anatudanganya.

Agosti 9 ilitukuta makwetu, chuo kimefungwa. Nilienda shule ya msingi iliyo karibu na nyumbani alfajiri, nikapanga foleni na mama yangu na majirani. Karani akapima kidole, hakuna jina. Akajaribu kwa namba ya kitambulisho, hakuna. Mtambo wa kila kituo unabeba majina ya wapiga kura wa kituo hicho tu. Mama aliingia kupiga kura zake sita, kuanzia ya rais hadi ya MCA (diwani wa wadi), mimi nikasimama nje ya lango. Nilipompigia yule kijana wa ahadi simu ilikuwa imezimwa, na basi lake sijaliona hadi leo. Kurudi mjini kwenye chuo kwa nauli ya siku ile, na kufika kabla vituo havijafungwa saa kumi na moja jioni, ilikuwa ndoto.

Nina hasira naye bado, na nina hasira zaidi na waliomtuma. Wanamtafuta kijana akiwa na hamu ya kushiriki, wanamhesabu kwenye daftari lao, wanaenda kumwonyesha mwaniaji ukurasa uliojaa majina, pesa inalipwa. Kama kura ile itapigwa au haitapigwa, mkusanya majina keshakula. Halafu baada ya uchaguzi wazee wanakaa kwenye redio kusema vijana hawajali. Mwishoni mwa 2021 IEBC, tume ya uchaguzi, ilipanga kuandikisha wapiga kura wapya milioni 6 na ikapata kama milioni 1.5. Kila mtu alilia na hiyo namba. Lakini ndani ya hao waliojitokeza tulikuwamo sisi, tulioandikishwa mahali ambapo hatungekuwa, na hatukupiga. Tofauti ya kura za urais mwaka huo ilikuwa 233,211. Usiniambie kura yako ni moja tu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, nayo haina mjadala: jiandikishe mahali utakapoamkia siku ya kura. Fikiria Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027. Utakuwa umemaliza chuo? Utakuwa kwenu, au kwa shangazi ukitafuta kazi? Hapo ndipo kituo chako. Kama hujui, chagua kwenu, kwa sababu huko ukikosa kazi ndiko utarudi.

Hiyo "tutahamisha baadaye" ina mwisho wake. Sheria ya uchaguzi inataka uombe kuhamisha kituo siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi, na unaomba mwenyewe, si kiongozi wa vijana akuombee kwenye orodha yake. Na asikushawishi mtu ujiandikishe mara ya pili kwingine ukidhani unarekebisha. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Ukishajiandikisha, hakikisha kituo kilichoandikwa ndicho ulichotaja, pale pale, kabla karani hajaita anayefuata.

Kuhusu timu ya kampeni, kama unataka kazi yenye maana omba uwe wakala wa chama au mwaniaji kituoni. Wakala anaona kura zikihesabiwa, anatia sahihi fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, na kupewa nakala. Hiyo inazidi kubeba bango juani. Posho na ahadi za vyama, walio ndani ya vyama watakujibu.

Sasa mpigie huyo kiongozi wenu umwambie jina lako alitoe kwenye orodha. Ukifunga muhula, chukua kitambulisho chako halisi uende ofisi ya IEBC ya eneobunge la kwenu. Na wale wenzako wa kwenye kikundi waambie leo, kabla matatu haijafika.