Siku 30 hazimsubiri wakili: jibu kwa aliyepewa barua ya kujiuzulu asaini

Mkuu, nimesoma kisa chako mara mbili. Miaka minne kwenye hoteli hapo Arusha, meneja kakuita, kakuwekea mezani barua ya kujiuzulu iliyokwisha chapwa, kakuahidi mishahara ya miezi miwili ukisaini. Umekataa, ukaambiwa kesho usionekane kazini. Leo siku ya 17 na unauliza utafute wakili wa aina gani.

Kwanza umefanya la maana kutosaini. Ungesaini, kazi ya kuthibitisha kwamba ulilazimishwa ingekuangukia wewe. Kwa hali ilivyo, ukishaonyesha tu kwamba umeachishwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ndiye athibitishe kuwa alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu.

Ila wakili ni swali la pili, mkuu. La kwanza ni kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara uliozuiliwa, yana siku 60. Na zile "njoo wiki ijayo tuongee" za afisa utumishi hazisimamishi hesabu hiyo hata siku moja.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliponea tundu la sindano. Mwaka 2018 nilikuwa mtunza stoo kwenye ghala moja Dar, Barabara ya Nyerere, miaka sita kamili. Katoni zikapungua kwenye hesabu, nikapewa barua ya kikao cha nidhamu saa nne asubuhi, kikao chenyewe saa nane mchana siku hiyo hiyo. Kanuni zinataka nipewe angalau saa 48 za kujiandaa, na nije na mwenzangu au mtu wa chama cha wafanyakazi. Sikuyajua hayo. Jioni nikawa nje ya geti, mimi na dereva mmoja.

Nikatafuta wakili, nikamlipa nusu. Kila nikipiga simu, "niko mahakamani kaka, faili lako liko sawa". Siku ya 27 nikaenda mwenyewe CMA kuuliza. Hakuna faili. Nikachukua fomu namba 1, haina malipo, nikaijaza pale pale kwenye benchi. Nakala unampelekea mwajiri kwanza, akugongee muhuri au asaini kuwa amepokea, ndipo unairudisha kwenye tume pamoja na ushahidi huo. Mlinzi alinizungusha getini mpaka saa kumi. Nikaituma kwa EMS ya Posta, nikatunza risiti, ikapokelewa. Siku ya 29.

Yule dereva aliahidiwa angerudishwa "mambo yakitulia". Alisubiri miezi miwili na nusu. Maombi yake ya kuongezewa muda yalikataliwa, basi.

Sasa kwenye fomu hiyo nilifanya kosa ambalo linaniuma hadi leo. Kuna mahali unaandika unachodai. Kwa haraka niliandika fidia, notisi na kiinua mgongo, nikasahau likizo yangu ya mwaka ambayo sikuwa nimekwenda, siku 28. Mwamuzi alikuja kuniambia wazi: ambalo halimo kwenye fomu, halimo. Kwa hiyo kaa chini leo usiku, andika kila kitu na hesabu yake. Na kwa kuwa wewe ni wa kuachishwa, jaza pia Sehemu B. Kama walikuajiri ukitokea mkoa mwingine, dai na nauli ya kukurudisha.

Kwa usuluhishi, ile hatua ya kwanza pale CMA, huhitaji wakili, kwa maoni yangu. Msuluhishi anawakalisha mezani, mnaongea. Sisi tulishindwana: waliniletea milioni moja na nusu, nikakataa. Uamuzi, hatua inayofuata, ndio wenye viapo na mashahidi wa kuhojiwa, na hapo nilichukua wakili mwingine, dada mmoja makini sana. Alinibana maswali kuliko hata upande wa pili. Mwisho wa 2019 mwamuzi akasema sababu haikuthibitishwa na utaratibu haukufuatwa. Mshahara wangu ulikuwa Sh 650,000. Fidia ya miezi 12 ni 7,800,000. Kiinua mgongo ni siku saba kwa kila mwaka: 650,000 gawa kwa 26 unapata 25,000 kwa siku, mara siku 42, ni 1,050,000. Notisi 650,000. Jumla 9,500,000.

Nikadhani nimemaliza. Mwajiri akaomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na ndipo nikagundua makubaliano yangu na yule dada yaliishia CMA. Ikabidi nilipe tena, na kukazia tuzo, yaani kumbana mwajiri alipe kilichoamuliwa, nako kukawa na bei yake. Sikumlaumu, mimi ndiye sikuuliza. Wewe muulize wako kabla hujatoa hata senti: hii pesa inafika wapi? CMA tu, mapitio, au mpaka fedha ziingie? Aandike. Na usitegemee mwajiri atakurudishia ada hiyo, kesi za kazi kwa kawaida kila mtu anabeba gharama zake.

Jina lake litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama leseni yake iko hai. Vishoka ni wengi. Na angalia karatasi yako ya mshahara: kama unakatwa ada ya CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, chama kinaweza kukusimamia bila wewe kulipa wakili.

Vielelezo: taarifa ya michango NSSF, taarifa ya benki, meseji za meneja (usifute hata zile za matusi), na ile barua ya kujiuzulu kama ulipiga picha.

Umebakiwa na siku 13. Kesho saa mbili asubuhi uwe CMA hapo Arusha, chukua fomu. Sehemu B ikikutatiza, andika hapa hapa, nitakuwepo jioni.