Krimu ya majani ya mtini: jaribio la kiwiko halitoshi

Swali: Daktari, mimi hutengeneza krimu za uso nyumbani, Umoja, Nairobi. Nimesoma kwamba majani ya mtini hulinda seli za ngozi. Niliyaloweka kwenye alkoholi, nikachuja, nikachanganya na krimu. Nimejipaka ndani ya kiwiko siku kadhaa na sijaona madhara. Marafiki pia nimewagawia. Naweza kuanza kuuza?

Jibu: Usiuze, dada.

Ulichosoma si uongo. Majani hayo yana rutini, kwesetini na asidi ya klorojeni, na vitu hivi hupunguza makali ya kemikali zinazochoma seli kutoka ndani. Lakini jani hilohilo lina kemikali za psoraleni na bergapteni, ambazo huyeyuka kwenye alkoholi na mafuta kuliko kwenye maji. Kwa njia uliyotumia, umezikamua zote pamoja.

Psoraleni ni molekuli bapa. Hupenya ndani ya seli, ikajichomeka katikati ya nyuzi mbili za DNA, yaani chembe za urithi. Gizani haina makuu. Miale ya jua ya UVA ikiipiga, hujifunga kwenye uzi mmoja. Ikipigwa tena, hushika na wa pili. Nyuzi zilizoshonwa hivyo haziachani, kwa hiyo seli hushindwa kujigawa, na nyingi hufa. Malengelenge huanza baada ya siku moja hivi, yakazidi siku ya pili au ya tatu, kisha hubaki baka jeusi linaloweza kukaa miezi. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu wa mwanzo hauonekani vizuri, kwa hiyo mtu hushtuka baka likishatokea.

Sasa rudi kwenye jaribio lako. Ndani ya kiwiko, chini ya mkono wa sweta, jua lilifika kwa muda gani? Seli za maabara, zinazotumika kwenye tafiti kama ulizosoma, nazo hukuzwa kwenye kabati lenye giza, kwenye joto la nyuzi 37. Zikinawiri humo, hiyo haisemi lolote kuhusu uso wa mama anayesubiri matatu saa saba mchana. Nairobi iko karibu na ikweta, juu ya mita 1,600, na UVA hupita hata kwenye mawingu ya Julai na kioo cha dirisha la pembeni la gari.

Hospitalini psoraleni hutumika pamoja na UVA kutibu soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu, lakini dawa na mwanga hupimwa, na bado matibabu ya muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya ngozi. IFRA, shirika la kimataifa la manukato, hairuhusu kabisa dondoo nzito ya majani ya mtini kutiwa kwenye manukato.

Ukitaka faida ya aina hiyo, tumia dondoo ya majani ya chai ya kijani, ambayo haina psoraleni. Ukishikilia mtini, nunua dondoo iliyoondolewa psoraleni, yenye cheti cha maabara kinachoonyesha kiasi kilichobaki.

Wale marafiki wapigie leo. Waioshe krimu kwa sabuni na wafunike sehemu walizopaka zisipigwe na jua kwa siku mbili au tatu. Mwenye malengelenge aende kliniki ya ngozi na abebe kichupa chenyewe.