Maswali ya Wasomaji: Mlima Peke Yake Si Mada

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Majengo, Moshi, na hupiga picha za harusi, kipaimara na ubarikio. Kikundi chetu cha wapigapicha kimemtaka kila mwanachama aandae picha kumi na mbili zenye mada moja kwa ajili ya maonesho. Nimepiga Mlima Kilimanjaro asubuhi na jioni, lakini picha zangu zinafanana na za watu wengine wote. Je, mada hupatikana vipi, na picha ipangwe namna gani?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, tatizo lako halitokani na kamera wala na mlima. Kilele chenye urefu wa mita 5,895 hupigwa picha na kila mgeni anayeshuka uwanja wa ndege, na wengi wao wana lenzi ndefu kuliko yako. Wasichokuwa nacho ni muda wa kukaa na kuuliza. Mada huanza pale mpigapicha anapokuwa na swali ambalo picha moja haiwezi kulijibu, na swali hilo likiwa jembamba ndivyo picha zinavyozidi kuwa zako.

Chukua swali la maji. Kwa vizazi vingi Wachagga wamechimba mifongo, yaani mifereji inayoyateremsha maji kutoka mitoni hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba, bila mashine yoyote, kwa kufuata mteremko wa ardhi tu. Chagua mfongo mmoja huko Machame, Kilema au Old Moshi, ujitambulishe kwa wazee wanaousimamia, kisha uufuate kutoka pale maji yanapochepushwa mtoni mpaka kwenye shina la mwisho la mgomba. Njiani utakutana na watu wanaosafisha mfereji, mahali ambapo maji hugawanywa kwa zamu, na pengine sehemu iliyokauka na kuachwa. Sehemu hiyo iliyokauka usiiruke, kwa maana mfululizo unaoonyesha uzuri mtupu humchosha mtazamaji mapema.

Ukishakuwa na mada ya namna hiyo, mpangilio wa picha hautakusumbua sana, kwa kuwa mfongo wenyewe ni mstari. Inama hadi kamera iwe karibu na usawa wa maji, uache mfereji uingie kwenye fremu kutoka pembeni na kulipeleka jicho kwa mtu anayefanya kazi. Mlima ukitokea nyuma, uache uwe mdogo. Hapo utakuwa unaeleza maji yanatoka wapi, jambo ambalo picha zako za awali hazikulisema. Kumbuka kwamba mara nyingi Kibo, kilele kirefu zaidi cha mlima huo, hujifunika mawingu kabla ya mchana, hivyo picha zinazokihitaji zipigwe alfajiri. Siku za mawingu za mwezi wa sita na wa saba, ambazo wapigapicha wengi huzikimbia, ndizo zinazofaa kufanya kazi chini ya migomba, kwa sababu jua kali hupenya kwenye majani na kutawanya madoa meupe juu ya nyuso za watu.

Kama kupanda vijijini ni vigumu kwako, iko njia nyingine: shikilia umbo moja na ulirudie. Wapigapicha Bernd na Hilla Becher wa Ujerumani, kuanzia mwaka 1959, walipiga picha za minara ya maji na majengo ya viwanda wakitumia pembe ileile na mwanga uleule usio na vivuli vikali, hata mtazamaji akaanza kuona tofauti ambazo jengo moja lisingeonyesha. Milango ya maduka ya zamani katikati ya Moshi ingeweza kufanyiwa hivyo. Mimi, hata hivyo, ningechagua mfongo bila kusita, kwa sababu una watu ndani yake.

SWALI: Mhariri, nafanya mradi wa picha za wauzaji katika Soko Kuu la Arusha. Nyuma ya kila mtu pana vurugu ya rangi na vitu, na mchana nyuso zinakuwa nyeusi. Nifanyeje?
Msomaji, Kaloleni, Arusha

JIBU: Arusha iko karibu na ikweta, na kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa karibu na utosi na kutia vivuli machoni. Mwombe muuzaji, baada ya kupata ridhaa yake, asogee chini ya turubai lakini karibu na ukingo wake, akiangalia nje kwenye mwanga. Uso utang'aa na kilicho nyuma yake kitatiwa giza.

Ama kuhusu vurugu, si lazima uikimbie. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, aliwapiga picha wateja wengi mbele ya vitambaa vyenye maua na michoro, nao wakiwa wamevaa nguo za michoro vilevile, na bado nyuso zao ndizo zinazoonekana kwanza. Weka nyuma ya muuzaji bidhaa yake mwenyewe, rundo la vitenge au ndizi lijae fremu nzima, ili rangi hizo ziwe sehemu ya maelezo kumhusu. Na kwa kuwa vichochoro vya soko ni vyembamba, simamisha kamera wima. Utapata mtu mzima pamoja na bidhaa zake bila kuingiza wapita njia.