Miche iliyokulia kivulini usiipige jua zima siku moja

Jamani kama una miche ya nyanya imekulia kivulini usiitoe yote juani kwa mkupuo. Mi nilifanya hivyo, nikaimwagilia vizuri asubuhi nikijua maji yakiwepo hakuna shida, kesho yake nakuta majani yamekuwa meupe kama karatasi. Nikadhani ugonjwa, karibu nipulize dawa. Bahati nikainua jani moja lililokuwa limelala juu ya lenzake, chini yake kijani kabisa, yani kivuli cha jani la juu kimejichora pale mpaka na yale meno ya pembeni. Ugonjwa hauchori hivyo, ule ni mwanga.

Ndo nikaanza kusoma. Kumbe ndani ya kloroplasti, yani vile vijumba vidogo vya jani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, klorofili nyingi (ile rangi ya kijani) zimekaa kama antena tu, kazi yao kunasa mwanga na kupokezana ile nishati chapuchapu mpaka ifike pale inapong'oa elektroni, ndo kazi ya kutengeneza chakula inaanza. Mche wa kivulini unajenga antena kubwa kwa sababu mwanga ni haba, sasa ukiuweka juani ghafla zinanasa kuliko mmea unavyoweza kutumia, na nishati isiyo na pa kwenda inazalisha oksijeni kali inayounguza klorofili na protini.

Breki mmea unayo. Mwanga ukizidi asidi inajaa ndani ya vifuko vya kloroplasti, protini inayoitwa PsbS inashtuka, rangi ya njano iitwayo violaksanthini inageuzwa kuwa zeaksanthini ndani ya dakika chache tu na nishati ya ziada inatoka kama joto. Inashika haraka ila kuachia inachelewa, na hapo ndo watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois na wenzao walipogusa, mwaka 2016 wakaonyesha tumbaku iliyofanywa iachie haraka inaongeza uzito mkavu kama asilimia 15. Hii habari naipenda sana! Shida ya jani la kivulini ni kwamba akiba yake ya hizo rangi ni ndogo, inaongezeka taratibu likizoeshwa.

Kwa hiyo siku hizi naanza na jua la asubuhi kwa muda wa saa moja au mawili tu, naongeza kila siku, wiki moja mpaka siku kumi ndo inakaa juani kutwa. Kuhamisha nahamisha jioni au siku ya mawingu. Na maji usiache kabisa, sio kwamba yanazuia mwanga, ila mche ukiwa na kiu unafunga vitundu vya majani, kabonidayoksaidi haiingii, matumizi ya nishati yanashuka na jua lilelile ambalo jana lilikuwa sawa leo linakuwa limezidi.

Majani yaliyokwisha kuwa meupe hayarudi kijani, usihangaike nayo. We angalia yale madogo yanayochipua katikati, yakitoka manene na ya kijani ujue mche umeshazoea.