Injinia, fundi anachanganya majivu nusu kwa nusu na simenti, nimwachie?

SWALI: Shikamoo injinia. Najenga nyumba ya vyumba vitatu huku Mwambani, Tanga, bahari naiona. Binti yangu yuko kidato cha nne, kaja likizo ananisomesha kwamba simenti inaharibu hali ya hewa, nikaona basi na mimi nijenge kwa namna isiyoumiza. Fundi akasema njia ipo, anaweka majivu ya pumba za mpunga nusu na simenti nusu, tena ana mtu anauza ndoo za unga wanaita simenti ya kijani. Aliukoroga kwenye kikombe mbele yangu, kesho yake umeganda kama jiwe. Kwa mchanganyiko huo ameshafyatua tofali 400. Msingi na lenta nimwache amwage hivyo hivyo? Na ile chokaa ya wazee si ndio bora kuliko vyote?

JIBU: Marahaba dada yangu. Kwanza simamisha. Msingi usimwagwe, lenta isimwagwe, na kama huyo wa ndoo bado anakudai salio, lisubiri. Sasa tuongee.

Swali lako nalipata karibu kila wiki, linabadilisha nguo tu. Mmoja ana majivu ya tanuri la mikate, mwingine kapewa majivu ya kuni za kiwandani bure kwa roli, mwingine vumbi la kokoto, wote wamesikia (na ni kweli) kwamba duniani simenti yenye hewa ukaa ndogo inatengenezwa kwa kuchanganya vitu kama majivu, basi wakahitimisha kwamba majivu yoyote ukiyamwaga kwenye mchanga unatengeneza simenti ya namna hiyo. Hapana jamani. Unachotengeneza hapo ni zege lenye simenti kidogo, basi.

Binti yako hajakosea, mpe hongera. Simenti inabeba kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na sehemu kubwa haitoki kwenye moto, inatoka kwenye jiwe lenyewe. Jiwe la chokaa, mwamba ule ule wa mapango ya Amboni, ukilichoma linaachia hewa iliyomo ndani yake: kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56 za chokaa, kilo 44 zimeruka juu. Kwahiyo hata ungechoma kwa umeme wa jua bado zile 44 zinaondoka. Kinachotoka kwenye tanuru hilo la nyuzi kama 1450 kinaitwa klinka, vipande vyeusi vyeusi kama gololi, ndio vinasagwa na jasi kidogo inakuwa simenti. Mchezo wote wa kupunguza hewa ukaa ni kupunguza klinka bila kupunguza nguvu, na hapo kwenye bila kupunguza nguvu ndipo fundi wako amepitiliza kituo.

Sasa sikia jambo ambalo ama halijui ama analijua kanyamaza. Mfuko unaonunua dukani tayari umeshapunguzwa klinka! Chukua mfuko mtupu usome maandishi yake. Ukiona CEM II/A maana yake asilimia 6 hadi 20 ya unga sio klinka, CEM II/B ni 21 hadi 35, CEM IV/B ni 36 hadi 55. Herufi inayofuata inakwambia kilichowekwa, L ni jiwe la chokaa lililosagwa tu bila kuchomwa, P ni pozolana ya asili yaani mawe na majivu ya volkano, M ni mchanganyiko. Kiwandani wanapima kila siku, wanasaga kwa kipimo, wanavunja sampuli, TBS, shirika la viwango, nao wako nyuma yao. Halafu fundi anaufungua mfuko huo uliochanganywa kitaalam anauchanganya mara ya pili kwa sepeto. Piga hesabu, tuseme ni CEM II/B iliyofika mwisho wa kiwango: kilo 25 za simenti hiyo zina klinka kama kilo 16 tu, ukiongeza kilo 25 za majivu una kilo 50 za unga unaouita simenti na ndani yake gundi ya uhakika ni hizo 16. Halafu hapo anahesabu resho kama kawaida, moja kwa sita, moja kwa nane, kama vile zote 50 ni simenti. Ndio maana tofali unalikwangua na ufunguo linashuka kama sembe.

Na msiniambie majivu yoyote tu ni pozolana. Pozolana ni unga wenye silika (madini yale ya mchanga) isiyotulia, silika ambayo haijajipanga kuwa fuwele, peke yake haishiki kitu. Simenti ikikutana na maji inaacha chokaa pembeni, pozolana inaila hiyo chokaa polepole, wiki kwa wiki, inazaa gundi ya ziada. Majivu ya kuni hayana kazi hiyo, yamejaa chokaa na magadi yake mwenyewe, ndio maana bibi zetu walisugulia masufuria yakang'aa. Kwenye zege yanakunywa maji tu, fundi anaona kizito anaongeza maji, na maji ya ziada yanaua zege kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kukiona kwenye hii kazi.

Pumba za mpunga ni habari nyingine kidogo, sitaki kuzionea. Majivu yake ni silika kama asilimia 85 hadi 95, ni pozolana nzuri sana, LAKINI zichomwe kwa moto unaodhibitiwa, chini ya nyuzi 700 hivi, halafu yasagwe laini sana, ndipo yachukue nafasi ya simenti asilimia 10 mpaka 20, sio 50. Lile lundo la pumba linalowaka siku mbili nyuma ya mashine ya kukoboa au chini ya tanuru la matofali, katikati joto limepanda silika imejipanga, sasa hivi ni mchanga wenye sura ya majivu, na pembeni halikuungua vizuri ni mkaa mtupu. Kwa macho huwezi kujua. Nyeupe sio dalili, nyeusi sio dalili. Mimi mwenyewe miaka yote hii siwezi kujua kwa macho, napeleka maabara.

Kile kikombe sasa. Kikombe kiliganda kwa sababu ndani ya ndoo kuna simenti ya kawaida au jasi, hakuna uchawi. Hata uji wa jana umeganda! Kuganda sio nguvu dada. Nguvu unaijua kwa kumwaga kyubu za zege, yaani vibonge vya mraba vya kupimia, zingine na unga wake zingine bila, unaziweka kwenye maji unazivunja siku ya 7 na siku ya 28 unalinganisha. Muuza ndoo hajawahi kuwa na siku ya 28, siku ya 28 simu yake haipatikani.

Chokaa ya wazee, hapa wengi wananikasirikia. Wewe uko njia ya Tongoni, umeyaona magofu, na wa Bagamoyo nao wananiambia mbona Kaole ipo mpaka leo. Ipo ndiyo, na angalia kilichobaki ni nini. Kuta nene kama nusu mita, makaburi, msikiti usio na paa. Wale wazee walikuwa mafundi kweli, walijua kitu chao hakiwezi kubeba nafasi pana ndio maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni vyembamba, mita mbili na nusu au tatu, urefu wa boriti ya mkoko. Wewe unataka sebule ya mita tano na lenta yenye nondo. Halafu chokaa yenyewe inatoka kwenye jiwe lile lile lililochomwa, zile 44 zinaruka vile vile, kweli ikikauka ukutani inarudisha sehemu ya hewa hiyo kidogo kidogo ila moshi wa kuni harudishi mtu, na kama ni chokaa ya matumbawe iliyochomwa kwa mikoko basi umemaliza na mazalia ya samaki. Chokaa itumie kwenye plasta, inapumua vizuri na haipasuki ovyo, au kwenye kukarabati nyumba ya zamani ya mawe, huko simenti ndiyo inayoharibu. Msingi na lenta, hapana.

Haya, ujenge vipi basi. Kwanza usiogope mfuko ulioandikwa 32.5, kuna watu wameaminishwa kuwa ni simenti ya magumashi. Hiyo namba ni nguvu ya siku 28 kwenye kipimo cha maabara, na mara nyingi ndiyo yenye klinka kidogo, inatosha kabisa kwa tofali, plasta na jamvi (zege la sakafu). Nguzo, lenta na slabu kama ipo weka 42.5, chagua yenye pozolana ukiipata, na hapa kuna zawadi kwa mtu wa pwani kama wewe: zege la simenti yenye pozolana, likimwagiliwa vizuri, linakuwa na matundu madogo zaidi na chumvi ya bahari inachelewa kufika kwenye nondo. Likimwagiliwa vizuri nimesema. Simenti hizi zinaanza polepole kuliko CEM I, ile ambayo karibu yote ni klinka, kwahiyo sio zile siku tatu za kunyunyizia kama unapalilia mchicha, siku 7 ni kwa wavivu, wewe nenda 10 mpaka 14, funika magunia yaliyolowa, jua la Tanga unalijua. Mirunda ya lenta nayo isitolewe kwa sababu fundi ana kazi Muheza. Maji ya kuchanganyia, mfuko mmoja ni lita 25 hadi 28 pamoja na unyevu uliomo kwenye mchanga, yaani ndoo moja na robo hivi, na mchanga wa ufukweni usiuguse, nondo ziwe ndani ya zege sentimita 4 hadi 5.

Ila kupunguza kukubwa zaidi kuko kwenye kiasi cha zege, na hakuna anayetaka kulisikia hili maana halina ndoo ya kuuza. Zege la resho 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto) linakula mifuko sita na kitu kwa kila mita ya ujazo. Nyumba ya chini yenye vyumba vitatu imejaa nguzo kumi na mbili za nini? Fundi kaziona kwa jirani. Muulize mtu mwenye fani mchoro wako unahitaji ngapi, ukitoa nguzo sita na kumwaga jamvi la unene sahihi umeokoa klinka nyingi kuliko majivu ya Korogwe yote. Kuta nazo, fikiria tofali za udongo za kufungamana zinazoshindiliwa kwa mashine, wakala wa nyumba bora NHBRA wamezifundisha miaka mingi, simenti ni asilimia 5 hadi 10 tu, hazichomwi, na nyingi hazihitaji udongo wa kujengea katikati. Udongo wa kichanga mwekundu unafaa, ule mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi haufai. Weka udongo kwenye chupa na maji, tikisa, acha utulie kesho uone mchanga umekaa kiasi gani chini, hiyo ni hatua ya kwanza, ya pili upimwe. Matofali ya kuchoma kwa magogo ambayo watu wanayaita ya asili yasikudanganye, ile ni misitu inaondoka.

Tofali zako 400: ziloweshe, zisubiri zitimize siku 28, chukua kumi za kubahatisha ziangushe kutoka usawa wa bega kwenye ardhi ngumu. Zikivunjika vipande vipande, ni kifusi cha chini ya jamvi au njia ya bustani. Zikihimili, banda la kuku. Ukuta wa nyumba sizipeleki hata zikiruka kama mpira, mpaka maabara iseme.

Mwishowe niseme na wengine mnaosoma, maana dada huyu sio peke yake. Hizi simenti mpya zipo kweli, sio hadithi. Kuna inaitwa LC3, wameisukuma watafiti wa Uswisi, Cuba na India, klinka nusu, udongo wa kaolini uliochomwa asilimia 30, jiwe la chokaa 15 na jasi 5, na kwa sababu udongo unachomwa nyuzi 700 hadi 850 tu hewa ukaa inashuka mpaka asilimia 40 hivi. Na sisi kaolini tunayo, ile ya Pugu inajulikana tangu zamani. Lakini hiyo ni kazi ya tanuru na kinu na maabara, itakufikia kwenye mfuko wenye nembo ya TBS na tarehe, haitakufikia kwenye ndoo ya rangi iliyofutwa maandishi. Kuna wengine sasa wanafundishana kwenye video kutengeneza zege bila simenti kabisa kwa kostiki soda, nimeona kijana anakoroga kwa mkono mtupu, ile kitu inakula ngozi na ikiruka jichoni ndio basi tena, teknolojia yenyewe ni ya kweli ila inahitaji malighafi inayojulikana kemia yake na watu waliovaa glavu na miwani.

Kwahiyo akija mtu na unga wake muulize maswali machache tu: unga umetoka wapi, umechomwa nyuzi ngapi, kyubu za siku 7 na 28 zilivunjwa maabara gani na simenti ya mfuko upi. Akikuonyesha karatasi, nitumie niisome. Akikuonyesha kikombe, mpe chai anywee.